Neno Lililokwama Kizingitini

1

Diski ilijaa Ijumaa asubuhi, wakati Mama Sevelina wa mapokezi alipokuwa katikati ya kusema "karibu".

"Kari—" alisema, kisha taa ya ukanda uliokuwa shingoni mwake ikawa ya manjano na sauti ikakatika. Mgonjwa aliyesimama mbele yake akasubiri. Nami nikasubiri. Mama Sevelina mwenyewe akainua macho darini kama mtu aliyekatikiwa maji akiwa na sabuni usoni. Halafu akanielekeza kwa kidevu: nenda, binti, kafanye kazi yako.

Nikakimbilia chumba cha seva.

Kituo chetu kiko Gangilonga, chini ya lile jiwe ambalo wazee wa Iringa husema lilikuwa likizungumza. Kila Koromeo, ndivyo watu walivyouita ule ukanda, kuanzia Mafinga hadi Pawaga, hupitia kwetu. Mtu aliyepoteza sauti kwa kiharusi au kwa saratani ya koo hujaribu kutamka neno. Ukanda huidaka jitihada ile kwenye mishipa ya shingo na kuileta kwenye seva. Seva humrudishia sauti yake. Yote hayo hufanyika kabla jicho halijafumba.

Ila binadamu hujisemea mengi asiyokusudia yasikike. Ndiyo maana katikati ya njia kuna programu tuliyoiita kizingiti. Neno ulilokusudia hupita. Neno ulilolimeza huzuiwa, na mashine hulisahau papo hapo. Hiyo ndiyo ahadi yetu, na imeandikwa ukutani mapokezi kwa rangi ya bluu: *Usichosema ni chako.* Nilipoisoma mara ya kwanza, siku ya usaili, machozi yalinilengalenga. Nilitoka chuoni nikiamini kwamba kuna kazi za namna hiyo duniani, na nikawa nimeipata.

Sasa nikatazama ni faili gani lililokula diski. Ilikuwa logi ya utatuzi.

Kila mashine huandika habari zake yenyewe: imewaka saa ngapi, imekwama wapi. Hiyo ndiyo logi, na kwa kawaida huwa fupi. Lakini fundi anapowinda hitilafu huwasha logi ya utatuzi, ambayo huandika kila kitu bila kuchagua. Huiwasha kwa saa moja au mbili, hulifunga faili lisomwe na yeye peke yake, akimaliza huzima na kufuta. Yetu iliwashwa Mei. Sasa ulikuwa Oktoba.

Nikafungua mwisho wa faili nione kinachoandikwa. Mstari wa kwanza niliokutana nao ulisema hivi:

IMEPITA: asante sana mama mkwe. IMEZUIWA: mchawi mkubwa wewe.

Nikalifunga faili kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akamkuta mwenzake. Kwanza nilitaka kucheka. Halafu nikatazama ruhusa za faili, na kicheko kikafa. Wanaoruhusiwa kusoma: wote. Yaani wauguzi, wanachuo waliokuja kwa mafunzo na kuondoka, mafundi wa ng'ambo waliotuuzia mitambo, kila mwenye jina kwenye seva ile. Na nani aliyesoma, lini, kiasi gani? Haikujulikana. Hapakuwa na logi ya waliosoma logi.

Injinia Ngonyani, mkuu wetu, aliingia na kikombe cha chai. Yeye ni Mngoni wa Songea, mimi Mhehe, kwa hiyo ni mtani wangu tangu kabla hatujazaliwa, na Wahehe hutaniwa kwamba tunakula mbwa.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba. Mbwa wameamka salama huko kwenu?"

"Salama, nimekubakizia mkia." Siku nyingine ningesema zaidi. "Injinia, logi ya utatuzi haijazimwa."

"Najua."

"Niliandika Julai. Nikaandika tena Agosti."

"Nikapokea, nikasoma, nikasema Devotha ana mwandiko mzuri." Akaketi. Aliponitazama usoni akaacha mzaha. "Kaa chini. Mwezi wa tano watu walianza kupata kigugumizi, sivyo? Mzee anaongea, katikati ya sentensi taa inakuwa ya manjano, sauti inakwama. Tulihangaika hapa watatu tu. Nikasema, ngoja nifungue, kila mwenye macho atazame, labda mmoja ataona. Ule ulikuwa msaragambo, kazi ya mikono ya wote. Kwenye msaragambo utafungia majembe stoo?"

"Majembe hapana. Lakini hata kwenye msaragambo hatuvui nguo, Injinia."

Akanywa chai.

"Tufute leo," nikasema.

"Ukifuta, kigugumizi utakitafutia wapi? Ushahidi wote umo humo humo. Utawaambia nini wazee wanaokwama? Poleni, tumewasitiri, endeleeni kukwama?"

Hapo ndipo nilipotamani kupiga meza, kwa sababu alikuwa na hoja. Na hata asingekuwa nayo, kufuta taarifa za wagonjwa kulihitaji vidole viwili kwenye kioo, changu na chake, na chake kilikuwa kimekumbatia kikombe.

Akaondoa picha za sherehe za kituo zilizolala kwenye diski. Nafasi kidogo ikapatikana. Kutoka mapokezi tukasikia sauti ya Mama Sevelina ikimalizia, "—bu!" Mgonjwa wake alikwisha kwenda kukaa zamani.

2

Kabla ya saa sita mchana alikuja dada mmoja mrefu, amevaa kaniki na kitambaa cheusi kichwani. Injinia alitoka kumpokea mwenyewe, akaniita nami.

"Huyu ni Gaudensia, binti wa marehemu Mzee Kastori Kihwele."

Nani asiyemjua Mzee Kastori? Alikuwa refa. Miaka yake yote uwanjani hakuwahi kubadili uamuzi. Watu walisema hata mvua ikinyesha Mzee Kastori hupuliza kwanza filimbi ndipo inaruhusiwa. Kiharusi kilimnyang'anya sauti, Koromeo likamrudishia, na mwezi wa tisa akafariki.

"Pole na msiba, dada," nikasema.

"Tumeshapoa, mdogo wangu. Ila neno moja halijapoa." Alikaa kwenye benchi, mikono mapajani. "Jioni ile ya mwisho alituita tukae karibu. Akasema, kwa sauti safi kabisa, 'Mwambieni Remigius kwamba mimi...' Taa ikawa ya manjano. Midomo ikawa inachezacheza. Tukatikisa ukanda, tukauzima, tukauwasha. Hakuna. Usiku akapoteza fahamu, basi."

"Remigius ni nani?"

"Kaka yangu. Aliacha seminari. Baba akamwonyesha mlango siku ile ile kama anamwonyesha mtu kadi nyekundu. Hawakusemezana tena. Hata mazishi hakuja." Akamtazama Injinia. "Kesho tunaanua matanga. Amekubali kuja, kwa sababu Injinia ametuahidi."

Nikamgeukia Injinia. "Umewaahidi nini?"

Alijikuna shingo. "Neno limo kwenye logi. Mimi ni mtani wa ukoo ule, Devotha. Kesho nitakwenda na Koromeo la marehemu, nitalirudishia neno lake, na mzee atamalizia sentensi kwa sauti yake mwenyewe, mbele ya watoto wake. Mtani msibani hana mpaka. Anaweza kulala kwenye kitanda cha marehemu na kudai chakula. Hili je?"

Alisema kwa upole, na macho yake yalikuwa yakimeremeta. Alikuwa anadhani anatoa zawadi.

"Umelisoma?"

"Sikulisoma. Nimeona alama yake tu. Nataka walisikie wao kwanza."

"Alama gani? Imepita au imezuiwa?"

Akasita. "Inasubiri."

Alama hiyo ya tatu huandikwa pale kizingiti kinaposhindwa kuamua kama mtu anakusudia kusema au anameza. Neno halijatoka wala halijarudi ndani. Limesimama mlangoni.

"Basi hatujui kama alitaka lisikike," nikasema.

"Alikuwa katikati ya sentensi!" alisema Gaudensia.

"Ndiyo, dada. Lakini mtu huanza sentensi akaijutia. Huenda ni 'nimemsamehe'. Huenda ni jingine, alikuwa analirudisha kwa nguvu zake zote za mwisho. Tukilitoa hilo kwa sauti yake, mbele ya watu, atalikanusha nani?"

"Lolote," alisema. "Lolote ni bora kuliko kukaa na nusu. Wewe baba yako yupo?"

"Yupo."

"Basi huwezi kuelewa."

Kabla sijafungua mdomo tukasikia sauti nyuma yetu.

"Kwa hiyo na yangu mnayo?"

Mama Sevelina alikuwa amesimama nyuma ya meza ya mapokezi. Tulikuwa tumesahau kwamba mapokezi hapana ukuta.

"Yale nisiyoyasema," akaendelea, "mnayo?"

Nikajibu mimi. "Tunayo, mama."

"Tangu lini?"

"Mei."

Alitazama ukutani, kwenye yale maneno ya bluu yaliyokuwa juu ya kichwa chake kila siku. Mume wake alikuwa mgonjwa kuanzia Juni. Sijui alijisemea nini miezi ile yote akiwa ameketi pale, akitukaribisha kwa tabasamu. Sijui, na sikutaka kujua. Alinyanyua mikono nyuma ya shingo, akafungua kifungo, akauvua ukanda na kuuweka mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Mchana wote uliobaki aliwakaribisha wagonjwa kwa mikono.

3

Jumamosi kituo hufungwa, lakini nilikuja. Nilikuwa na hasira na sikujua pa kuzipeleka. Nilimkasirikia Injinia kwa wema wake usio na kufuli, nikajikasirikia mimi kwa kuandika barua nzuri badala ya kwenda kupiga kelele. Ukanda wa Mama Sevelina ulikuwa bado mezani pale mapokezi. Niliuweka mfukoni.

Nikaketi mbele ya seva na swali moja: je, kigugumizi kinaweza kutafutwa bila kusoma neno la mtu hata moja?

Niliandika programu ndogo. Ilipita kwenye logi nzima badala yangu, na kila ilipokuta neno iliweka nukta. Nukta moja kwa kila neno, liwe refu liwe fupi, kwa sababu hata urefu wa neno husema jambo. Ikaniachia saa, namba ya ukanda, alama, na muda ambao mishipa ya shingo ililishikilia neno kizingitini. Basi. Kurasa kwa kurasa za nukta, kama mtama uliomwagika.

Na humo, nikiwa sioni neno, ndipo nikaona.

Kigugumizi chote, kila kimoja, kilianzia kwenye alama ya inasubiri. Nikapanga kwa umri. Vijana walikuwa na chache. Wazee walikuwa nazo tele. Nikafungua maelekezo ya kizingiti, mstari baada ya mstari, nikitafuta mahali panapoiambia mashine isubiri mpaka lini. Hapakuwapo. Aliyekiandika, huko aliko, hakuwaza kwamba mtu anaweza kusita. Alidhani binadamu hutaka au hataki. Kwa hiyo mtu aliposita, kizingiti kilisubiri, kikaendelea kusubiri hata mishipa ilipotulia, na maneno yaliyofuata yakajipanga nyuma yake kama watu kwenye foleni ambayo aliye mbele amekwenda na dirisha limefungwa. Na kila sekunde ya kusubiri logi ya utatuzi iliiandika. Ndiyo iliyojaza diski. Tulitafuta hitilafu kwa miezi mitano kwa kusoma maneno ya watu, kumbe ilikuwa kwenye ukimya wao.

Dawa ilikuwa mistari michache: neno likisita kupita kiasi, lirudishwe ndani lisahaulike, na yanayofuata yapite. Niliandika. Nikaandika pia kwamba logi isiwe na neno tena milele, nukta tu. Faili lisomwe na fundi aliye zamu peke yake. Kila anayelifungua jina lake libaki. Na kila wiki la zamani lifutwe, pamoja na nakala yake ya akiba.

Kabla sijaondoka nilifanya jambo moja zaidi. Nikatafuta ukanda wa Mzee Kastori, jioni ile ya mwisho. Nukta, nukta, nukta, zote imepita. Halafu nukta moja: inasubiri. Nikasoma muda wake. Nikausoma tena.

Programu ilikuwa tayari, lakini kuiwasha na kufuta logi bado kulitaka kidole cha Injinia. Nikampigia. Simu ikaita bila kupokelewa. Alikwisha kwenda matangani.

Nikaita bajaji. Ilikuja yenyewe, haina mtu, ikaniuliza naenda wapi. "Ipogolo," nikasema, "na usisimame njiani." Ikasimama kwenye kila alama ya watembea kwa miguu kati ya Gangilonga na Ipogolo, mtu awepo asiwepo.

4

Kwa Kihwele watu walikuwa wamejaa uani. Ulanzi ulikuwa unazunguka kwenye vikombe, wanawake walikuwa wanapakua ugali. Mama Sevelina, ambaye ni jirani yao, alikuwa jikoni, kitambaa cha kanga kimefunika shingo yake tupu. Tulitazamana. Nikampungia mkono, akatikisa kichwa kidogo tu.

Injinia alikuwa amesimama katikati, Koromeo la marehemu mkononi. Kwenye kiti mbele yake alikaa mwanamume wa makamo, amekunja mikono kifuani, uso kama wa Mzee Kastori lakini umechoka. Gaudensia alisimama nyuma ya kiti hicho, kashika egemeo lake, kana kwamba kaka angeweza kutoroka.

"Injinia, subiri," nikasema.

"Ah! Mhehe amenusa nyama," alisema Injinia, na watu wakacheka. Kisha akanivuta pembeni kwa mkono. "Devotha, usinifanyie hivi. Siyo hapa."

"Nimekipata kigugumizi."

Akaniachia mkono. Nikamweleza haraka, kwa sauti ya chini: nukta, kusubiri, wazee. Niliona uso wake ukibadilika, kwanza ukafurahi kama fundi, kisha ukaelewa kama mtu. Akautazama ule ukanda mkononi mwake.

"Kwa hiyo mashine haikuharibika," akasema.

"Haikuharibika. Ilimsubiri."

"Semeni tusikie!" mtu alipaza sauti. "Kama kuna neno, litoke!"

Injinia akanisukuma kidogo mbele. "Sema wewe. Mimi nimeahidi; nikisema mimi watadhani najitoa."

Nilikuwa sijawahi kusema mbele ya msiba. Nilimtazama Remigius, kwa sababu ilikuwa haki yake kuliko ya mtu mwingine.

"Shikamoo, kaka. Naitwa Devotha, ni fundi wa pale kituoni. Neno la mwisho la mzee liko kwenye mashine. Sikulisoma, na Injinia hakulisoma. Lakini tumejua kwa nini lilikwama. Ukanda haukuwa mbovu. Ulikwama kwa sababu yeye mwenyewe alisita. Alikuwa bado anaamua aseme au asiseme, na mashine ilikuwa inamngoja."

Remigius akafungua mikono yake.

"Baba alisita?"

"Ndiyo, kaka."

"Kastori Kihwele? Alisita?"

"Alisita."

"Kwa muda gani?"

Nilijiuliza kama hilo nalo ni siri. Lakini muda si neno. "Wengi husita kwa kiasi cha kumeza mate. Yeye ni karibu dakika nzima."

Remigius alitoa sauti ambayo sikujua kama ni kicheko. "Alinitoa nyumbani kabla sijamaliza sentensi. Sikuwahi kumwona akihesabu hata moja, mbili. Dakika nzima!" Akajifuta uso kwa kiganja. "Kwa ajili yangu."

"Basi tulisikie!" alisema Gaudensia, sauti yake ikapasuka. "Kama alihangaika dakika nzima, tulisikie! Kaka, mwambie!"

"Hapana," alisema Remigius. "Lifute."

"Usilifute!" Gaudensia aliniambia mimi. "Mimi ndiye niliyemuuguza. Yeye alikuwa wapi? Mimi ndiye niliyekuwa nimemshika mkono!"

Huyu anasema futa, yule anasema usifute, na wote wawili ni watoto wake. Uani wote ukanigeukia, kana kwamba chuoni kuna somo la jambo hilo. Hakuna. Nikatamani mtu mzima mwingine yeyote aje asimame mahali pangu.

"Dada Gaudensia," nikasema, "ukienda kwa mtu unabisha hodi. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Asipoitika, hata kama unasikia nyayo ndani, unarudi. Huvunji mlango kwa kuwa una shida naye. Mzee alikuwa mlangoni pake. Hakufungua. Mimi siwezi kumfungulia."

"Na mimi je?" alisema. "Mimi nirudi wapi?"

Mpaka leo sijui. Nilitoa kifaa changu, nikaweka kidole changu kwenye kioo, nikamnyooshea Injinia.

Alikitazama. Kisha akaugeukia umati, akanyanyua Koromeo la marehemu juu kama mtu anayenadi mbuzi, na nikaona mabega yake yakirudi kuwa ya mtani.

"Haya, Wahehe, msikilizeni Mngoni!" akapaza sauti. "Huyu mzee wenu alikuwa mchoyo. Maisha yake yote alitunyima penalti. Leo ametunyima na neno. Ameondoka nalo kooni kama mfupa wa mbwa!"

Kicheko kililipuka, kile cha msibani, ambacho nusu yake ni kilio. Mzee mmoja alimrushia kandambili. Remigius alikuwa amejiinamia, mabega yakitikisika. Chini ya kelele hizo Injinia aliweka kidole chake kando ya changu.

Kioo kikaandika: *Faili limefutwa, pamoja na nakala yake ya akiba.*

Lakini nilijua bado. Faili lililofutwa wakati programu ingali imelishika halifi. Jina tu ndilo hutoka, na mashine huendelea kulikumbatia gizani. Lazima programu iachie. Nikaizima, nikaiwasha upya na maelekezo mapya. Kwa pumzi mbili tatu, kutoka Mafinga hadi Pawaga, kila Koromeo lilinyamaza.

Kisha zikarudi.

Nilikwenda jikoni na kuutoa ukanda wa Mama Sevelina mfukoni. Sikumwambia avae. Niliuweka kwenye ungo kando yake na kusema, "Yako yamefutwa, mama. Sitakudanganya kwamba hakuna aliyewahi kusoma. Sijui. Hilo ndilo linaloniuma."

Aliutazama. Aligeuza ugali, akafunika chungu. Mwishowe alifuta mikono kwenye kanga, akaunyanyua ukanda na kuutia ndani ya sidiria, mahali wanawake wanapoweka vitu wasivyotaka vipotee. Hakuuvaa. Lakini alinipakulia sahani.

Gaudensia alinipa mgongo. Nilikula kwa haraka, nikaaga wakubwa, nikaelekea nje. Nilipofika mbele ya nyumba nikasikia nyayo nyuma yangu. Mgeni husindikizwa, hata kama umemchukia, na Gaudensia alikuwa amekuja kunisindikiza. Tulitembea mpaka getini. Akashika komeo, asifungue.

"Baba aliongea sana siku zile za mwisho," alisema bila kunitazama. "Nilikuwa nampa uji, namgeuza. Yale aliyoyameza kuhusu mimi. Alikuwa ananichoka? Niambie tu hilo, mdogo wangu. Sitamwambia mtu."

"Sijui, dada. Sikusoma."

"Hata kidogo?"

"Nilichoona ni nukta tu."

Sasa akanigeukia, akayachungulia macho yangu, moja kisha jingine, kama mama anayemkagua mtoto aliyesema hakulamba sukari. Nilimwacha atazame. Nyuma yetu watu walikuwa bado wanacheka na kulia, na sauti ya Remigius ilikuwa inasimulia kitu kuhusu filimbi.

"Kweli hukusoma," alisema.

Akafungua geti.